Lori Linachemsha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Upozaji wa Injini

Maswali haya ndiyo madereva na mafundi huyarudia kila lori linapochemsha. Majibu yanahusu injini za dizeli zinazopozwa kwa maji. Vipimo vya joto na presha hutofautiana kati ya injini na injini, kwa hiyo pale kitabu cha lori lako kinaposema tofauti na hapa, fuata kitabu.

## Uko barabarani

Mshale wa joto unapanda na nina mzigo. Nifanye nini sasa hivi?

Usisubiri ufike kwenye nyekundu. Punguza kukanyaga mafuta, shuka gia moja au mbili ili injini izunguke kwa wepesi badala ya kukokota, zima AC, kisha fungua hita ya kebini hadi mwisho pamoja na feni yake. Hita ni rejeta ndogo. Kebini itakuwa tanuri, lakini joto hilo limetoka kwenye injini.

Ukipata mahali salama, simama, toa gia na vuta breki ya kuegesha. Kama maji bado yamo na hakuna mvuke, usizime papo hapo: iache injini iungurume juu kidogo ya mzunguko wake wa kusimama kwa dakika mbili tatu. Pampu itaendelea kuzungusha maji, feni itaendelea kuvuta hewa, na turbo itapoa. Mara nyingi utauona mshale ukirudi.

Lakini ukiona mvuke, maji yanamwagika, taa ya kiwango cha maji imewaka, mkanda umekatika, au mshale unazidi kupanda hata baada ya kusimama, zima mara moja. Hapo pampu haizungushi kitu, na kila dakika unayoongeza inapinda hedi (kichwa cha injini).

Nifungue mfuniko niongeze maji?

Injini ikiwa moto, hapana. Watu wameungua uso na mikono kwa sababu ya haraka ya dakika chache. Maji yaliyo ndani yamebanwa kwa presha, na ndiyo maana yanaweza kufika nyuzi 110 bila kuchemka. Ukilegeza mfuniko presha inaondoka, na maji yale yale yanageuka mvuke hapo hapo na kukurukia.

Subiri hadi mpira wa juu wa rejeta uweze kuubonyeza kwa mkono bila kuungua na bila kuusikia mgumu. Inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Kisha funika mfuniko kwa kitambaa kinene, ulegeze kidogo, acha upumue, ndipo uutoe. Ongeza maji taratibu. Maji baridi yakimwagwa kwa wingi kwenye injini yenye joto kali yanaweza kupasua hedi au bloku.

Mshale ulipanda sana, halafu ukashuka ghafla. Je, injini imepoa?

Usiliamini hilo. Sensa hupima joto la maji yanayoigusa. Maji yakiisha, sensa inabaki kwenye hewa au mvuke na inaweza kusoma joto dogo huku chuma kikizidi kuwaka. Dalili nyingine ya maji kuisha ni hita kuanza kupuliza hewa baridi wakati injini ni moto. Ukiona mojawapo, zima.

## Mambo ya msingi

Joto la kawaida ni nyuzi ngapi?

Injini nyingi za lori hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95 hivi za Selsiasi. Themostati, yaani vali inayofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta, mara nyingi huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu na kufunguka kabisa nyuzi 10 hadi 15 juu ya hapo. Feni huingia kazini maji yakikaribia nyuzi 95. Kwenye injini nyingi onyo huja baada ya nyuzi 100, na mitambo ya kielektroniki huanza kupunguza nguvu kabla injini haijaharibika. Kupanda nyuzi chache mlimani na kushuka tena ukifika tambarare si ugonjwa.

Jua mshale wa lori lako unakaa wapi siku ya kawaida. Dereva anayejua hilo huona tatizo wiki moja kabla ya kuchemsha.

Mfuniko una umuhimu gani? Si kifuniko tu?

Mfuniko ni vali mbili katika kipande kimoja. Ya kwanza hushikilia presha hadi kiwango kilichoandikwa juu yake, na mara nyingi kiwango hicho hukaribia baa 1 au hupungua kidogo. Kwa presha hiyo maji matupu huchemka kwenye nyuzi 120 hivi badala ya 100. Ya pili huruhusu hewa au maji ya akiba kurudi ndani injini inapopoa. Ya kwanza ikilegea, lori litachemka mapema na kumwaga maji. Ya pili ikikwama, utakuta mpira wa juu umenywea asubuhi.

Njia za milimani zinaongeza uzito wa jambo hili. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, maji yasiyobanwa huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, joto ambalo injini yako hulifikia kila siku. Kwa hiyo mfuniko uliochoka unaweza kusitirika nyanda za chini na kukuumbua mlimani. Weka wenye presha ile ile iliyoagizwa. Mkubwa zaidi hautibu chochote, unapasua tu mipira na rejeta.

## Kutafuta chanzo

Nianzie wapi kabla sijanunua spea?

Anza kwa kuuliza: linachemsha lini? Fundi anayefungua boneti kabla ya kumsikiliza dereva atabadilisha vitu vizima.

Likichemsha likiwa limesimama au kwenye foleni, kisha linapoa ukikimbia, hewa haipiti. Tafuta kwenye feni, klachi ya feni (inayoishikisha feni na kuiachia), na kingo ya feni, yaani ule mduara unaoizunguka. Ukiwa kwenye mwendo, upepo wa barabarani unafanya kazi ambayo feni imeshindwa.

Likitulia kwenye foleni lakini likachemsha kwenye mlima mrefu au kwa kasi kubwa na mzigo, kuna joto jingi kuliko rejeta inavyoweza kutoa. Hapo shuku rejeta iliyoziba ndani au nje, themostati isiyofunguka yote, pampu iliyochoka, au mpira wa chini unaonywea.

Likipanda ghafla ndani ya dakika chache, kitu kimekatika au kimepasuka: mkanda, mpira, pampu. Likipanda kidogo kidogo mwezi hadi mwezi, kitu kinaziba. Na mshale ukicheza, ukipanda na kushuka bila kufuata mzigo, kuna hewa ndani ya mfumo. Soma sehemu ya maji yanayopotea.

Baada ya hapo angalia vya bure kwanza: kiwango cha maji injini ikiwa baridi, mkanda, mfuniko, uso wa rejeta. Sehemu kubwa ya malori yanayochemsha huishia hapa.

Rejeta naiona safi mbele. Inaweza kuwa imeziba?

Ndiyo, na hili huwapotosha wengi. Unachokiona mbele kwa kawaida si rejeta. Ni kondensa ya AC na intakula (kipoza hewa ya turbo), na rejeta iko nyuma yake. Vumbi, wadudu na majani hupita kwenye vile vya mbele na kunasa katikati, mahali ambapo jicho halifiki. Mvuke wa oili ukichanganyika na vumbi hilo, hutengeneza kitu kama zulia.

Washa tochi upande mmoja uangalie upande wa pili. Usipoona mwanga, legeza intakula na usafishe katikati. Osha kutoka upande wa injini kwenda nje, kinyume cha njia ya hewa, kwa maji ya presha ndogo. Mashine ya presha kubwa ikiwekwa karibu hulaza mapezi ya rejeta, na pezi lililolala huziba kama uchafu.

Kwa ndani, piga kipimajoto cha miale (kinachopima bila kugusa) sehemu mbalimbali za rejeta injini ikiwa imepata moto na themostati imefunguka. Joto linatakiwa lishuke taratibu kutoka maji yanapoingia hadi yanapotoka. Sehemu yenye ubaridi wa ghafla katikati ni mirija iliyoziba. Rejeta za shaba zinaweza kufunguliwa na kuzibuliwa. Zile za alumini zenye matangi ya plastiki kwa kawaida hubadilishwa.

Nitajuaje klachi ya feni imekufa?

Sikiliza. Feni ya lori ikishika, utasikia ngurumo yake hata ukiwa ndani ya kebini. Mshale ukiwa juu na ngurumo hiyo haipo, klachi haishiki. Klachi za mafuta mazito ya silikoni zikivuja huacha mchirizi wa vumbi lililoganda mbele yake. Injini ikiwa imezimwa na ni moto, izungushe feni kwa mkono: ikizunguka huru kabisa, haina kazi.

Klachi za upepo nyingi zimeundwa ili upepo ukikosekana feni ishike moja kwa moja. Feni isiyoachia haichemshi lori, lakini inakula dizeli, kwani feni kubwa huchukua nguvu za farasi makumi kadhaa kutoka kwenye injini. Na usipuuze kingo ya feni iliyovunjika. Bila hiyo, feni huzungusha hewa ile ile ya moto badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Pampu ya maji nitaijaribu vipi?

Chini ya pampu kuna tundu dogo. Unyevu kidogo hapo unaweza kuvumilika, lakini mchirizi wa kulanti (maji ya kupozea yenye dawa) au alama zake zilizokauka maana yake sili imekwisha. Tikisa puli, ikicheza, beringi imekwenda. Kilicho kigumu kuona ni impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji) iliyoliwa na kutu au inayoteleza kwenye shafti yake. Pampu ya namna hiyo haivuji wala hailii, inaonekana nzima, lakini maji hayaendi. Kama kila kitu kingine kimepita, itoe uikague.

Mpira wa chini unanywea nikipandisha mizunguko. Ni kawaida?

Hapana. Pampu inafyonza upande huo. Mpira uliolainika, au uliopoteza waya wake wa ndani, hubanana na kukata njia ya maji, hasa kwenye mizunguko mikubwa. Ubadilishe, na uangalie pia kama rejeta imeziba, maana pampu inayonyimwa maji hufyonza kwa nguvu zaidi.

Fundi ameniambia nitoe themostati kabisa. Nikubali?

Usikubali. Ushauri huu umeua injini nyingi, na unaendelea kutolewa kwa sababu siku ya kwanza huonekana umefanya kazi.

Themostati ina kazi mbili. Watu wanaijua moja: kufungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Nyingine, kwenye injini nyingi za lori, ni kufunga njia ya mkato ambayo hurudisha maji kwenye pampu moja kwa moja bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto itaendelea kuzunguka ndani ya injini bila kupozwa. Ukiwa mtupu mshale utakaa chini na utafurahi. Ukibeba mzigo mlimani, lori litachemsha kuliko mwanzo.

Upande wa pili wa hasara ni ubaridi. Injini ya dizeli inayofanya kazi kwenye nyuzi 60 haichomi mafuta vizuri, hutoa moshi, hukusanya masizi, oili yake haipati joto la kukausha unyevu, na silinda huisha mapema.

Kuipima ni rahisi. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, pasha moto. Ilinganishe na namba iliyopigwa mhuri juu yake: inaanza kufunguka lini, inafunguka kiasi gani, na ikipoa inajifunga? Lori lenye mbili likipata moja mbovu, badilisha zote. Unapoifunga, kijitundu cha kupitishia hewa kikae juu.

## Maji yanapotea, mapovu yanaonekana

Ninaongeza maji kila siku lakini sioni yanapovujia.

Uvujaji mwingine huonekana tu kwenye presha, kisha joto la injini hukausha alama. Funga pampu ya kupimia presha mahali pa mfuniko, injini ikiwa baridi, pandisha hadi kiwango cha mfuniko na uache dakika 15. Presha ikishuka, fuata maji: viungo vya mipira, tundu la pampu, hita, pembe za rejeta.

Ikishuka na nje ni kukavu, maji yanaingia ndani. Chomoa kijiti cha oili: rangi ya maziwa maana yake maji yamo kwenye oili, na usiwashe injini tena. Moshi mweupe usioisha wenye harufu tamu unaelekeza kwenye gasketi ya hedi, hedi iliyopasuka, au kipoza cha gesi za ekzosi kwa malori yenye mfumo huo. Kipoza hicho hupasuka kwa ndani na kupeleka kulanti kwenye ekzosi bila kudondosha tone chini.

Tangi la maji lina oili juu. Gasketi ya hedi?

Inawezekana, lakini mshukiwa wa kwanza kwenye lori ni kipoza oili. Injini ikifanya kazi, presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, kwa hiyo ufa ndani ya kipoza husukuma oili kwenye maji. Ukizima, mfumo wa maji bado una presha, na safari inageuka. Baada ya kutengeneza, osha mfumo mzima kwa kisafishaji kinachofaa na ukague mipira, kwa kuwa oili huivimbisha na kuilainisha.

Kuna mapovu kwenye tangi. Nifungue hedi?

Bado. Hapa lori linatofautiana na gari dogo, na kazi ya siku nzima inaweza kupotea bure.

Lori lenye breki za upepo lina kompresa, na kompresa nyingi hupozwa kwa maji ya injini. Gasketi yake ikiungua au hedi yake ikipasuka, inapuliza upepo ndani ya kulanti: mapovu, mipira migumu, maji kumwagika kupitia mfuniko. Dalili zote za gasketi ya hedi ya injini, na injini ni nzima.

Kuna njia mbili za kutofautisha. Ya kwanza ni dawa ya majimaji ya bluu inayonyonya hewa ya juu ya tangi: ikiguswa na gesi za mwako inageuka njano au kijani. Mapovu yakiwa mengi na dawa ikabaki bluu, shuku kompresa. Ya pili ni kuchomoa mabomba ya maji ya kompresa, kuyaziba kwa muda upande wa injini, na kuwasha injini kwa dakika chache bila mzigo. Mapovu yakikoma, umempata. Usiendeshe hivyo.

Dawa ikibadilika rangi, ndipo uzungumzie gasketi ya hedi, na kwenye baadhi ya injini vikombe vya nozeli (vinavyokaliwa na nozeli za dizeli ndani ya hedi), ambavyo vikilegea hupitisha gesi au hata dizeli kwenye maji. Hedi ikifunguliwa, ipimwe unyoofu na ufa kabla ya kurudishwa. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haidumu.

## Kulanti

Maji matupu hayatoshi?

Kwa dharura yanatosha, kwa kudumu hapana. Maji husafirisha joto vizuri kuliko kulanti, hilo ni kweli. Lakini hayana dawa ya kutu, na maji yenye chumvi huacha magamba kwenye kuta za injini ambayo huzuia joto kutoka. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu, kwa maji yaliyosafishwa chumvi, huchemka kwenye nyuzi 107 hivi bila presha na haugandi hadi nyuzi 37 chini ya sifuri. Kulanti tupu bila maji nayo ni kosa: hubeba joto kidogo na huganda mapema kuliko mchanganyiko.

Injini za lori zenye laina (kuta za silinda zinazotoka) zinazozungukwa na maji zina hatari ya ziada. Kila mwako hutikisa laina, mtikisiko hutengeneza vipovu vidogo vya mvuke juu ya chuma, na vipovu vikipasuka vinachimba vishimo. Mwisho wake ni tundu linaloingiza maji kwenye silinda. Dawa zilizomo kwenye kulanti ya dizeli huweka utando unaokinga laina. Hupungua kwa matumizi, kwa hiyo zipime kwa karatasi za kupimia.

Naweza kuchanganya rangi tofauti?

Rangi si kipimo, kwani kila mtengenezaji huchagua yake. Angalia aina iliyoandikwa kwenye chombo. Aina zisizopatana zinaweza kuua kinga ya kutu. Na weka kulanti mbali na watoto na wanyama: ile ya ethilini glikoli ni tamu na ni sumu.

Unga wa kuziba rejeta unafaa?

Kukufikisha gereji tu. Hauchagui tundu; unaziba pia mirija myembamba ya hita na kipoza oili.

## Kesi zisizo za kawaida

Nimebadilisha maji, sasa linachemsha kuliko mwanzo.

Hewa imenaswa. Jaza polepole, fungua vali ya hita na skrubu za kutolea hewa hadi maji yatoke bila mapovu, washa hadi themostati ifunguke, acha ipoe, ongeza tena. Rudia siku ya pili.

Je, geji inaweza kudanganya?

Ndiyo. Kabla ya kubomoa chochote, piga kipimajoto cha miale karibu na nyumba ya themostati, juu ya kipande cha utepe wa karatasi, kwa kuwa chuma kinachong'aa husomeka baridi kuliko kilivyo. Tofauti ikiwa kubwa, kagua sensa, waya wake na nyaya za athi (zinazorudisha umeme kwenye bodi).

Mfumo wote ni mzima lakini bado linachemsha likibeba mzigo.

Huenda injini inatengeneza joto jingi mno. Breki zinazokwama, filta ya hewa iliyoziba, intakula inayovuja, ekzosi iliyobanwa, dizeli iliyoongezwa kuliko kipimo, na mzigo uliozidi uwezo wa lori vyote huishia kwenye rejeta. Pima kila gurudumu kwa kipimajoto baada ya safari. Linalozidi wenzake lina breki iliyoshika.

Linapanda joto nikiteremka, si nikipanda. Inawezekanaje?

Huenda lori lako lina retada ya mafuta, yaani kifaa cha kupunguza mwendo bila kutumia breki za magurudumu. Inapolizuia lori, nguvu yote ya mteremko inageuka joto ndani ya mafuta yake, na mafuta hayo hupozwa na maji ya injini. Wakati huo huo wewe hukanyagi mafuta, na ukiwa kwenye gia ya juu injini inazunguka polepole, pampu na feni nazo vivyo hivyo. Shuka gia kabla ya mteremko kuanza ili mizunguko ipande ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, tumia na breki ya injini, na punguza mwendo. Joto likizidi, retada hujipunguza yenyewe na utaachiwa breki za magurudumu peke yake, kwa hiyo mshale huo uuangalie ukiwa bado juu ya mlima.